Nati Iliyogoma

Siku chekeche la kokoto lilipoanguka kule machimboni, swali la kwanza halikuwa nani kaumia. Swali la kwanza lilikuwa: rangi gani?

Maana pale kila fundi alikuwa na rangi yake. Ukishakaza nati, unachukua brashi yako na kupiga mstari mwembamba unaoanzia juu ya nati na kushuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukibaki umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, nusu ikabaki kwenye chuma na nusu ikaenda na nati, basi nati imelegea, na mwenye rangi anajulikana. Ni utaratibu mzuri sana, mpaka siku utakapokuangukia wewe.

Chekeche lenyewe ni kitanda kikubwa cha chuma chenye wavu, kinachotikiswa na mota kutwa nzima ili mawe yaliyopondwa yajichambue, makubwa huku, madogo kule. Limesimama juu ya miguu ya chuma, na kila mguu umefungwa kwa boliti nene kuliko kidole gumba cha mpiga nyundo. Siku ile mguu mmoja uliachia, chekeche likalala upande, na mpakiaji aliyekuwa chini yake na koleo lake akavunjika mguu. Walipoiokota nati kwenye vumbi, ilikuwa na rangi ya kijani.

Fundi wa kijani alikuwa mmoja tu. Jina alilopewa na wazazi watu walishalisahau; alikuwa Kijani, na aliitika kwa fahari. Kuanzia kesho yake akaitwa Legelege.

Dada yake alizipata habari akiwa kwenye mashine yake ya kukereza vyuma. Alikuwa na karakana yake mwenyewe kwenye mtaa wa magereji, chumba kimoja chenye mlango wa bati, jirani na mchaji betri. Mtaani walimwita Kichwangumu, wengine mbele yake na wengine nyuma yake, na yeye hakuona tofauti. Alizima mashine, akajifuta mikono, akamtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.

"Ulikaza?"

"Nilikaza, dada."

"Niangalie. Ulikaza?"

"Nilikaza mpaka spana ikalia. Nikapiga na rangi."

"Basi yameisha."

"Hayajaisha," alisema Kijani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bi Mkubwa anataka niombe radhi."

Bi Mkubwa ndiye mwenye machimbo. Marehemu mumewe alimwachia mashine moja mbovu ya kuponda mawe na watu waliokuwa wakisubiri kwa hamu aiuze. Hakuiuza. Alijifunza kuifungua na kuifunga, akaizalisha mpaka ikawa mtambo mzima, na hadi leo kuna boliti pale ambazo haziguswi na mtu mwingine, zenye mstari mwekundu, rangi yake. Alikuwa na kauli moja aliyoitumia kumaliza kila ubishi: "Nati haina miguu." Maana yake, nati ikitembea, kuna mtu aliyeiachia. Watu waliogopa kauli ile kuliko walivyoogopa baruti.

Sharti lake lilikuwa hivi. Mwisho wa mwezi, wafanyakazi wote wanapokusanyika asubuhi mbele ya mtambo kabla ya kazi, Kijani asimame mbele yao aseme kwa mdomo wake kwamba aliiacha nati bila kuikaza, kisha amwombe radhi mpakiaji. Akifanya hivyo atabaki, ila spana aisahau, atapewa ufagio. Asipofanya, geti liko wazi.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nitafikiri."

"Unafikiri nini?" Kichwangumu alipandisha sauti mpaka mchaji betri akachungulia. "Kosa hujalifanya, unataka kuliomba radhi la nini? Ili iweje?"

"Nina watoto, dada."

Kichwangumu aliiwasha mashine yake, maana jibu alilokuwa nalo halikuwa la kumwambia mtu mwenye watoto.

Jioni familia ilikutana sebuleni kwa mama yao, na mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu wote walikuwa upande mmoja. Mke wa Kijani alishika tama, macho yamevimba. Mama alisema kwa sauti ile ya upole inayokata kuliko ukali, "Aombe radhi, mwanangu, yaishe. Ni maneno tu."

"Ni maneno tu kwako, Mama. Yeye ndiye atakayeyabeba. Watoto wake wataitwa watoto wa Legelege mpaka waote ndevu."

"Wengine ni wa kike," alisema Mama.

"Basi ndiyo itakuwa vibaya zaidi!"

Kijani alicheka, ingawa hakukuwa na cha kuchekesha. Kichwangumu alipoona kile kicheko, cha mtu aliyekwishakubali kushindwa na sasa anatafuta namna ya kukaa vizuri ndani yake, hasira zilimpanda kichwani. Hakuwa na hasira na Bi Mkubwa peke yake. Alikuwa na hasira na sebule ile yote, na makochi yake, na chai iliyokuwa ikipoa, na watu wake wema waliotaka mambo yaishe.

Kesho yake alikwenda kumwona mpakiaji. Alimkuta kitandani, mguu umefungwa plasta hadi juu ya goti, redio kifuani. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake haikuwa imevunjika.

"Kama umekuja kunipa pole, keti. Kama umekuja kunipima kwa ajili ya mguu wa chuma, nataka wenye springi."

Walicheka. Kisha Kichwangumu akamuuliza moja kwa moja kama anamlaumu mdogo wake.

Mpakiaji alizima redio. "Simlaumu. Kijani ni mtu wangu, tumekula vumbi moja. Nikimwona njiani nitamsalimia vizuri." Akauangalia mguu wake. "Lakini mimi kusimama tena chini ya mstari wa kijani, hilo sahau. Nikiwaza tu, mwili unanisisimka. Na wenzangu ni hivyo hivyo."

Kichwangumu alitoka mle ameelewa jambo ambalo hakulielewa alipoingia. Hata Kijani asipoomba radhi, hata Bi Mkubwa akisamehe kesho asubuhi, hakuna atakayesimama chini ya kazi ya mdogo wake. Maneno yasingesaidia. Ilibidi kitu kishike, na kionekane kimeshika.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyewakerezea machimbo ekseli na bushi, geti alilipita bila kuulizwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chekeche, lililokuwa limeinuliwa na kufungwa upya. Mota ilikuwa inanguruma, vumbi limetanda. Aliinama, akaweka kiganja pale mguu unapokutana na fremu, kidole kimoja juu ya chuma cha juu na kingine juu ya cha chini. Wapakiaji wakamtazama wakidhani anaomba dua. Alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Alichokisikia kilimtosha. Vile vyuma viwili havikuwa vimetulia. Cha juu kilikuwa kinateleza juu ya cha chini, unywele tu, huku na huku, huku na huku, bila kupumzika. Na kila kinapoteleza, nati inaachwa kwa kufumba na kufumbua bila wa kuishika, ikazunguka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kidogo na kidogo kwa kutwa nzima, kwa juma zima. Ungeikaza kwa spana yenye mpini wa urefu wa mtu, ingeondoka tu.

Alimfuata Bi Mkubwa ofisini, chumba kidogo kilichojaa mikanda ya mashine iliyochakaa.

"Nati haina miguu, Bi Mkubwa, ni kweli. Lakini inabebwa."

Bi Mkubwa hakuinua uso. "Na nani?"

"Na mtikisiko."

"Mtikisiko upo tangu nilipoolewa. Mbona zangu nyekundu hazibebwi?"

"Zako ziko kwenye mashine ya kuponda. Ile inagonga, haitelezi. Huku chini umewaachia vijana."

Hapo uso uliinuka. Kichwangumu alijua ameshavuka mstari, na kwa kuwa ameshauvuka, akaendelea. "Nitakutengenezea nati isiyolegea. Uifunge kwenye mguu ule ule ulioachia. Ikishika, mdogo wangu haombi radhi kwa mtu."

"Na ikilegea?"

"Ikilegea, usinisikilize tena."

"Sikusikilizi hata sasa," alisema Bi Mkubwa. Lakini kabla mgeni wake hajafika mlangoni alimwambia shingo upande, "Lete hiyo nati yako. Chekeche likianguka tena, nafunga biashara."

Kusema ni rahisi. Kichwangumu alirudi karakana akakuta ahadi inamsubiri kama mgeni asiyeondoka. Alianza na lile ambalo kila mtu analijua, nati mbili zilizobanana, moja juu ya nyingine. Alizifunga kwenye bati mbili alizozitikisa kwa mota ya zamani ya mashine ya kufulia, na zote mbili zikaondoka zikiwa zimeshikana, kama marafiki wanaotoroka shule. Akatoboa boliti akapitisha pini. Pini ilishika, lakini ili tundu zikutane ilibidi nati ilegezwe kidogo kwanza, na nati ambayo inaanza kazi ikiwa imelegezwa haina maana. Akaweka pete ya plastiki ndani. Ilishika vizuri hadi mota ilipopata moto, ikalainika. Mchaji betri, aliyekuwa akichungulia kila mara, akashauri azichomelee tu. "Na wavu ukichakaa utabadilishwaje? Kwa meno yako?" alimjibu. Mchaji betri akarudi kwenye betri zake.

Wateja walianza kunung'unika. Mwenye trekta alisubiri ekseli yake mpaka akachoka kusubiri. Kichwangumu alikuwa hata akila anazungusha kitu vidoleni.

Jibu alilipata mchana mmoja akiwa amebana nati kwenye jiliwa ili aikate na kuitupa. Msumeno wa chuma ulikuwa umeingia kutoka ubavuni, karibu na juu, ukafika katikati, akasimama. Alilitazama lile tundu jembamba. Nati ilikuwa kama mdomo uliofunguka kidogo. Akawaza, je, nikiufumba?

Aliugonga kwa nyundo taratibu mpaka ufa ukapungua. Sasa meno ya ndani ya nusu ya juu hayakuwa sawa tena na ya nusu ya chini. Yalikuwa yamesogea unywele mmoja. Alipoiingiza boliti, ilikwenda vizuri mpaka kwenye ufa, halafu ikagoma. Akachukua spana. Boliti ikalazimisha ufa ufunguke, na ufa ukawa unataka kujifumba, kwa hiyo nusu ya juu ikavuta huku na nusu ya chini ikavuta kule, na boliti katikati haina pa kwenda. Alijaribu kuizungusha kwa vidole mpaka vikamuuma. Wala haikujali.

"Goma, mama," aliiambia kwa mapenzi. "Goma hivyo hivyo."

Aliiweka kwenye ile mota ya mashine ya kufulia, akaiacha itikiswe asubuhi hadi jioni, na mstari wa chaki ukabaki umenyooka. Akatengeneza nyingine, akazipasha moto na kuzipoza kwenye mafuta ili ufa uwe na nguvu ya springi, akazifunga kwenye kitambaa safi. Mwenye trekta alituma ujumbe kwamba asubuhi ya kuzifunga angefika na shari, ikabidi Kichwangumu apange kubaki kumtuliza. Akamkabidhi Kijani kitambaa usiku wa kuamkia siku hiyo. "Zipeleke. Nakuja nyuma yako."

Alipofika machimboni, fundi wa bluu, aliyerithi kazi za Kijani, alikuwa ameshamaliza kuzikaza na kuzipiga mistari. "Nati nzuri, dada," alisema. "Zimeteleza kama zina siagi." Kichwangumu, akiwa bado na hasira za mwenye trekta, aliitikia tu bila kuyasikia maneno yale. Kama angekuwa na akili zake siku hiyo, angeyasikia, na angejua papo hapo kwamba kuna jambo.

Kesho yake mchana aliitwa. Mistari yote ilikuwa imekatika. Nati moja ilikuwa imepanda hadi ncha ya boliti, imebakiza kuanguka.

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Walimpisha apite. Ila fundi wa bluu hakujizuia. "Ama kweli ni za ukoo," alisema, na vicheko vikamsindikiza Kichwangumu mpaka getini, nati zake ndani ya aproni zikigongana kila hatua. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alitikisa kichwa tu, akaingia ndani.

Karakanani alijifungia, akaketi juu ya ndoo, akalia. Alilia kwa sauti, kwa hasira, bila aibu, maana alikuwa amejiamini kwa moyo wote na sasa alikuwa amemwongezea mdogo wake aibu juu ya aibu. Mkono wake, kwa mazoea, ulichukua nati moja na boliti iliyokuwa mezani, ukaifunga huku akilia. Nati ikateremka yenyewe, ikizunguka, mpaka chini.

Akanyamaza.

Akairudisha juu, akaipiga kwa kidole. Ikashuka tena mbio. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akachungulia ndani. Meno ya juu yalikuwa yanang'aa upya, yamechongwa, yamelingana na ya chini. Na ule ufa, aliokuwa ameufumba, ulikuwa umefunguliwa, na pembeni yake kulikuwa na alama ndogo ya ncha ya bisibisi.

Alimkuta Kijani nyumbani kwake akiwaogesha watoto uani.

"Nani amepitisha tapu kwenye nati zangu?"

Kijani aliacha kopo lielee kwenye beseni. Tapu ni kile chombo cha kuchonga meno ya ndani ya nati, na yeye alikuwa nayo, zawadi kutoka kwa dada yake mwenyewe.

"Mimi," alisema. "Zilikuwa zinagoma, dada. Nilizijaribu kwa kidole zikakwama njiani. Nikasema umechoka, mawazo yamekuzidi, umeharibu meno. Nikaona aibu uzipeleke vile mbele ya watu. Nikazifungua kidogo, nikazisafisha, nikatia na mafuta. Zikawa nzuri sana."

"Nzuri sana," alirudia Kichwangumu.

"Zinaingia kwa kidole kimoja."

Kichwangumu alitoa tusi ambalo Mama alilipiga marufuku tangu utotoni mwao, na watoto kwenye beseni wakatumbua macho kwa furaha. "Kugoma ndiyo kazi yake! Nimeshinda mchana kutwa naifundisha kugoma, wewe unaipaka mafuta!" Akamweleza yote, ufa, meno, huku na kule. Kijani alisikiliza, na kadiri alivyoelewa ndivyo uso wake ulivyoanguka. Ni yeye pale machimboni aliyewafundisha wengine kwamba nati ya fundi huingia kwa kidole, na ikigoma itupwe. Alikuwa ameiharibu nati iliyokuja kumtetea, kwa sababu ya ufundi wake, na kwa mapenzi.

Na sasa pakawa na fundo jingine. Kumwambia Bi Mkubwa kilichotokea ni kumwambia kwamba Legelege amelegeza tena. Kutomwambia ni kuacha nati ife. Kichwangumu alikuwa tayari kudanganya. Alishaanza kuutunga uongo kichwani, kitu kuhusu chuma kibovu.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Kijani.

"Watakumaliza."

"Hili nimelifanya, dada. Nililofanya nitalisema." Akamfuta mtoto uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu chekeche lianguke kumsikia akisema kwa sauti yake ya zamani.

Walikwenda pamoja. Kijani alisimama mbele ya Bi Mkubwa, mlango ukiwa wazi na mafundi wakisikiliza kwa nje bila hata kujificha, akasema kila kitu: bisibisi, tapu, mafuta. Nje mtu alicheka kwa pua. Bi Mkubwa alikunja mikono.

"Kwa hiyo umelegeza tena."

"Hizi nimelegeza mimi, Bi Mkubwa. Kwa mkono wangu na kwa ujinga wangu, na ukitaka niseme hivyo mbele ya watu wote, nitasema. Lakini ile ya kwanza nilikaza. Hiyo siiombei radhi. Nipe ufagio, nifungulie geti, siiombei radhi."

Bi Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mashine iliyobadilisha mlio. Kichwangumu akaona nafasi imefunguka kidogo, akaiwahi.

"Kaza mwenyewe," alisema.

"Nini?"

"Kaza wewe, Bi Mkubwa. Mguu ule una boliti mbili. Moja nati yangu, haijaguswa na mtu. Nyingine nati yako ya dukani, uichague mwenyewe. Spana yako, mkono wako, rangi yako nyekundu. Halafu tusubiri mwisho wa mwezi. Au unaogopa?"

Vicheko vya nje vilikatika. Hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Mkubwa kama anaogopa. Mwenyewe alivuta droo, akatoa glavu zake za zamani, akavaa moja, akavaa ya pili.

Alikaza kama mtu anayemaliza ugomvi wa siku nyingi. Nati ya Kichwangumu ilimgomea mara tu boliti ilipofika kwenye ufa, akaifuata kwa spana zungusho hadi zungusho, akinung'unika. Ile ya dukani iliingia kwa kidole. Mwishoni akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote mpaka ikalia. Kisha akapiga mistari miwili miekundu, imenyooka, mizuri. Akatoa amri mtu asiiguse, na amri haikuhitajika. Siku zilizofuata watu walipita pale kwa kuzunguka mbali, na vumbi likaizika mistari ile isionekane.

Mwisho wa mwezi wote walikusanyika. Mama alikuja, amevaa nguo zake za heshima kana kwamba kuna kesi. Mpakiaji alikuja na magongo. Kijani alisimama mbele, mikono nyuma, na kila mtu alijua kilichotakiwa kutoka kinywani mwake.

Mota ilizimwa. Bi Mkubwa aliinama na kitambaa chenye mafuta, akafuta vumbi kwenye nati ya Kichwangumu. Mstari ulikuwa umenyooka kutoka juu hadi chini, kama alivyouacha. Akafuta ile ya pili.

Nusu ya mstari ilikuwa kwenye chuma. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda na nati, imegeuka, inaangalia upande wa milima ya kokoto.

Bi Mkubwa aligusa nati yake kwa kidole, ikazunguka. Akaigusa tena, kana kwamba mara ya kwanza alikosea. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyesingiziwa, na aliyatamka maneno bila kujua ameyatamka, kwa sauti iliyowafikia wote.

"Lakini nilikaza."

Kichwangumu alikuwa ameandaa mengi ya kusema siku hiyo. Alikuwa ameyapanga njia nzima, makali, ya kumaliza. Yote yakamtoka, yakabaki mawili.

"Hata yeye."

Bi Mkubwa aliyapokea. Alivua glavu polepole, akamgeukia Kijani. "Ulikuwa na neno la kutuambia. Sema."

"Nilikaza," alisema Kijani.

"Nimesikia." Akawageukia watu. "Mmesikia?" Wakasema wamesikia, na fundi wa bluu akasema kwa sauti kuliko wengine wote, akiangalia viatu vyake. Bi Mkubwa akaendelea, kwa haraka ya mtu anayetaka kurudi kwenye biashara. "Chekeche lote lifungwe nati hizi. Nitazikaza mimi, nipige nyekundu, watu wasiwe na wasiwasi."

"Hapana," alisema Kichwangumu.

Mama alifumba macho.

"Nati zangu zinapigwa kijani," alisema Kichwangumu. "Anakaza mdogo wangu na anapiga rangi yake. Kama ni nyekundu, narudi nazo karakana, na kesho unifungulie geti niondoe na hiyo moja."

Bi Mkubwa alimtazama, akamtazama Kijani, akaiangalia nati yake ya dukani iliyogeuka upande. "Mmezaliwa hivi wote nyumbani kwenu?" alimuuliza Mama.

"Huyu mmoja tu," alisema Mama. Kisha akamtazama mwanawe wa kiume. "Nilidhani ni mmoja."

Kijani alikaza. Kila nati iligoma boliti ilipofika kwenye ufa, naye hakujaribu tena kwa kidole hata mara moja. Alizifuata kwa spana, jasho likimdondoka, mpaka zikafika. Akachovya brashi, akapiga mistari, kijani kibichi juu ya chuma kilichofutwa vumbi. Alipomaliza alirudi nyuma akiwa ameshika brashi, na pale chini ya chekeche pakabaki wazi. Wapakiaji walisimama na makoleo yao, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Magongo yaligonga kokoto. Mpakiaji alipita katikati yao, akachechemea mpaka pale pale alipoangukiwa, akageuka, akaegemea magongo yake na kuinua macho juu kwenye mstari wa kijani. Uso ulikuwa umemtoka jasho.

"Washeni basi," alisema. "Mguu huu hauwezi kusimama kutwa."

Mota ikawashwa.